Kibati cha Koko na Kufuli za Jogoo

Juzi nilipanda Bagira, mtaa niliokulia, kumjulia hali mzee mmoja anayeumwa kifua, na kabla sijamwona uso nilimsikia akihangaika na vyuma. Nilibisha hodi, jicho likaja kwenye tundu la mlango wa chuma, sauti ikauliza ni nani. Nikajitaja. Haikutosha. Nikamtaja bibi yangu, na hapo ndipo kazi ilipoanza: kufuli ya juu, mnyororo, kufuli ya kati, komeo, halafu kufuli nyingine chini kabisa karibu na kizingiti, ambayo ilimbidi aiinamie huku akikohoa. Mimi niko nje na mfuko wangu wa sukari na maparachichi, mvua inaanza kudondoka, nasikiliza. Kila kufuli ilipoachia ilisema tik. Mlango ulipofunguka nilikuwa nimeshika ukuta.

Wewe rafiki yangu unayenisoma, najua unazo sauti zako zinazokurudisha nyumbani. Labda ni mchi unaotwanga sombe, majani ya muhogo, labda ni kengele ya misa ya kwanza. Yangu mimi ni tik ya kufuli. Kwa miaka mingi ilikuwa sauti ya furaha kwetu, kisha Jumamosi moja ikawa sauti ya kuogopesha kuliko zote nilizowahi kusikia. Nitakusimulia zote mbili, maana ukiisikia moja tu hutaielewa.

Nililelewa na bibi. Mama alifundisha shule huko Kalehe, alikuja kwa mashua shule zilipofungwa, na mimi nikabaki Bagira na koko, kama watoto wote wa avenyu tulivyomwita. Usimfikirie bibi mpole wa kwenye kalenda. Koko wangu alikuwa na mdomo. Aliwatukana kuku, aliitukana mvua, na padri akirefusha mahubiri alikohoa kwa makusudi mpaka watu wakageuka. Lakini bugali yake, ugali wa kwetu, haikuwa na donge hata moja, sombe yake aliitia mawese mpaka majirani wakauliza kuna sherehe gani, na Jumamosi sambaza, visamaki vya ziwani, zilipokaangwa harufu yake ilinikuta bombani, nikiwa bado kwenye mstari na bidoni yangu ya maji.

Juu ya meko yake ulining'inia waya mrefu uliojaa kufuli. Lori kubwa likipita barabarani, zote zilitikisika na kugongana. Chanzo chake kilikuwa babu. Yeye alikuwa mlinzi wa nyumba kubwa kule Muhumba, upande wa ziwa, na wenye nyumba walipoondoka kwa haraka walimwachia katoni ya kufuli zilizofungwa. Funguo waliondoka nazo. Babu aliisukuma katoni chini ya kitanda, akafa bila kuigusa. Koko ndiye aliyeitoa, matanga yalipokwisha.

“Analinda nyumba ya batu mpaka magoti inaisha,” alisema, “banamuachia vyuma ya kufungwa. Sasa mi nitaona mule ndani kuko nini.”

Alianza kwa hasira, na hasira ikageuka mapenzi. Wengine hufuma vitambaa vya meza. Koko alifungua kufuli. Chombo chake kilikuwa kibati tu, kipande kidogo cha mkebe alichokikata kwa mkasi mkuukuu wa fundi cherehani, akakisugua kwenye jiwe la kizingiti mpaka kikalainika, akakikunja kidogo kwa msumari. Alikiita kalimi, kwa sababu kilikuwa na umbo la ulimi mdogo. Mkebe wa sadini ulipasuka upesi. Wa maziwa ulikuwa mgumu na ulimkata vidole. Wa nyanya ndio aliousifu, na ndiyo maana sisi tulikula nyanya za mkebe hata msimu ambao nyanya za shamba zilikuwa zinaoza sokoni. Alikaa barazani, kufuli katikati ya magoti, akaiingiza kalimi yake taratibu kando ya upinde wa chuma, macho kayafumba, ulimi wake mwenyewe umetoka nje. Siku nyingine maharagwe yaliiva na kupoa, yeye bado yupo pale pale. Akishindwa, aliitukana kufuli kwa Mashi, lugha ya kwao, pamoja na mama yake aliyeizaa. Akiweza, tik! Alicheka kwa tumbo lote, akanitazama kuhakikisha nimeona, halafu akaifunga tena na kuirudisha kwenye waya.

Hiyo ya kuifunga tena ndiyo iliyonishangaza utotoni. Kazi yote ile, vidole vimechanika, halafu unafunga? Nilipomuuliza alinipiga kofi la mapenzi kisogoni. Alikuwa na sheria moja tu, nayo hakuivunja hata kwa utani: “Kadena ya mutu haiguswake kama mwenyewe haiko.” Kwetu kufuli ni kadena, na koko aliamini kwamba kadena haizuii mtu. Ni heshima tu, alisema, ni namna ya kumwambia jirani kwamba sipo, rudi baadaye. Mwenye nia ya kuingia ataingia.

Jumapili baada ya misa baraza letu lilijaa. Aliyepoteza ufunguo alikuja na kufuli yake, au alimwita koko mlangoni kwake, naye alikwenda na vibati vyake ndani ya mkebe wa zamani wa pipi, nyuma yake msafara wa watoto. Mwenye mlango alisimama karibu, kama sheria ilivyotaka. Tik! Watu walipiga makofi. Aliyeyapiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa papa mmoja, baba wa nyumba ya mbele yetu, mwimbishaji wa kwaya ya parokia, mtu mwenye sauti ya kujaza kanisa na kichwa kisichoweza kutunza ufunguo. Huyo alitufuata kila mara. “Koko, nakufa! Nimefungiwa inje tena!” Koko alimtukana njia nzima, akamfungulia, na mkewe akatuletea mkungu wa ndizi. Nakumbuka hata namna alivyocheka, kichwa kakirusha nyuma. Nayaandika haya ili ujue kwamba hawakuwa watu wabaya, ingawa bado ninawakasirikia.

Sasa nikueleze kufuli za jogoo. Zamani hizo wachache tu walikuwa na kufuli; milango mingi ya avenyu yetu ilifungwa kwa kipande cha waya, au mtoto aliachwa akae kizingitini. Kisha msimu mmoja wa mvua alikuja mchuuzi na katoni kichwani, ndani yake kufuli za rangi ya dhahabu zilizochorwa jogoo. Wa kwanza kununua alikuwa maman wa duka, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyeleta maharagwe na samaki wakavu kutoka Kalehe na kuviuza katika chumba chake cha mbele. Wewe unatujua sisi. Jirani akinunua sufuria yenye kifuniko cha buluu, hakuna atakayeitazama ya kijani. Maman wa duka ana jogoo? Basi na sisi tunataka jogoo. Mchuuzi alishuka na katoni tupu, na avenyu nzima ikawa inameta milangoni. Tulijiona watu wa mjini kweli kweli. Ufunguo wa kwetu nilivalishwa mimi shingoni kwa kamba ya kiatu, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka shule kabla koko hajarudi shambani.

Haikupita muda. Jumapili moja kina mama walikaa kwetu wakichambua mchele wa sherehe ya komunyo, na kila mmoja aliweka ufunguo wake juu ya kigoda asije akaupoteza kwenye makapi. Nilimwona koko akiuokota mmoja, akaulinganisha na mwingine, akazinyanyua kwenye mwanga. Alicheka. Halafu kicheko kikakatika, akazirudisha haraka kigodani.

“Nini, koko?”

“Hakuna. Enda ulete maji.”

Jioni alinivuta karibu, akaupenyeza ufunguo wangu ndani ya gauni. “Hii fungulo usikopeshe mutu. Hata kwa kucheza. Unasikia?” Nilisikia. Sikuelewa, lakini nilisikia, na tangu hapo nililala nao kifuani.

Halafu ikaja Jumamosi yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya salongo, ile kazi ya usafi ambayo watu wote hutoka na majembe na panga kuzibua mitaro, na maduka hayafunguliwi mpaka iishe. Ukungu ulikuwa bado haujapanda kutoka ziwani. Tope la mtaro lilinuka, watu walitaniana, mwimbishaji alikuwa ameanzisha wimbo na majembe yanaufuata. Koko alikuwa jikoni anasonga bugali ya wafanyakazi. Mimi nilikuwa nje nasugua bidoni kwa mchanga. Maman wa duka aliingia kwenda kuchukua sabuni ya kunawia watu, na tukamsikia akipiga yowe.

Wimbo ulikatika. Watu walikimbilia pale na vyombo vyao mikononi. Rafu zake zilikuwa tupu. Vikwembe, vitenge vipya alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya ndoa ya binti yake vilikuwa vimekwenda, gunia la sukari limekwenda, redio imekwenda. Na kufuli ya jogoo, aliyoifungua mwenyewe dakika ile kwa ufunguo wake, ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Mlango haukuguswa. Mtu aliingia, akabeba, akafunga nyuma yake kwa adabu.

“Kadena haijavunjwa,” mmoja alisema.

“Ni nani humu anafunguaka kadena bila fungulo?” mwingine akauliza.

Vichwa viligeuka, kimoja baada ya kingine, vikaelekea kwetu. Bado nilikuwa nimechuchumaa na mchanga mkononi. Niliwaona wakinitazama, kisha wakitazama mlango wa jikoni nyuma yangu, na ndipo mtu fulani katikati yao akalitamka lile neno. “Mulozi.”

Kama wewe ni wa kwetu, sina haja ya kukueleza. Kama si wa kwetu, jua hivi: neno hilo, mchawi, likishatamkwa juu ya mwanamke mzee, mjane, asiye na mwanamume nyumbani, hakuna tena anayetafuta ushahidi. Nilikuwa nimeshaiona nyumba moja chini ya soko ikiwa majivu, na sufuria ya mwenye nyumba imebaki katikati. Kufungua chuma kwa kipande cha mkebe, jambo walilokuwa wakilipigia makofi Jumapili iliyopita, asubuhi hiyo liligeuka kuwa uchawi. Nikajikuta nimejikojolea.

Waliingia kwetu. Waliung'oa waya wa kufuli juu ya meko, wakaumwaga uani, wakaumwaga na mkebe wa pipi, vibati vikatawanyika kwenye tope. Shefu, kiongozi wa avenyu, alisema tungoje polisi. Alilisema tena na tena, sauti ikizidi kuwa ndogo. Kijana mmoja alitokea na kidumu cha petroli. Hakukiinua, alisimama nacho tu, na watu walimpa nafasi.

Koko alitoka, unga mpaka viwikoni, mwiko bado mkononi. Walimvuta mpaka mbele ya mlango wa duka. Mwimbishaji ndiye aliyekuwa mbele, na ile sauti yake ya kanisani sasa ilikuwa inamlaani bibi yangu. Alichukua kufuli ya jogoo, akaifunga kwenye pete za mlango, akaitikisa.

“Fungua hii! Fungua mbele ya batu bote, tuone!”

Koko aliitazama kufuli, akamtazama yeye. Kisha akainama, akaokota kibati kimoja kwenye tope, akakifuta kwenye kikwembe chake.

“Nikifungua, mutasema mi ni mwizi,” alisema. “Nikishindwa, mutasema ninajifanyisha. Si ndiyo?”

Koko alikitumbukiza kile kibati ndani ya blauzi yake.

“Kalimi haina kazi hapa. Weye papa, toa fungulo yako.”

“Yangu ya nini?”

“Ya mulango yako. Ile unapotezaka kila siku. Leo unayo?”

Watu wengine walicheka, kicheko kifupi cha woga. Mwimbishaji alitoa ufunguo wake mfukoni, umefungwa pamoja na medali ya Bikira, kwa dharau ya mtu anayetaka kumaliza upuuzi. Aliuchomeka. Akauzungusha.

Tik.

Upinde wa kufuli uliruka juu. Yeye mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, mdomo wazi, ufunguo umebaki unaning'inia pale na medali yake.

Hapo ndipo nilipojifunza umati ni kitu gani. Ulivuta pumzi, kisha ukageuka. Wale wale. “Kumbe ni yeye!” “Ndiyo maana anapiga makelele!” “Mwizi ya kanisa!” Jembe moja lilinyanyuliwa. Kijana mwenye kidumu alisogea. Mwimbishaji alianza kusema jambo, na sauti ile kubwa haikutoka, ilitoka pumzi tu. Mkewe alipiga kelele nyuma ya watu akiita watoto wake.

Koko angeweza kukaa kimya. Nimeliwaza hilo maisha yangu yote. Shingo yake ilikuwa imeshapona, kilichobaki ni kukaa kimya tu. Badala yake alimsukuma yule mwanamume mpaka mgongo ukagusa mlango, akasimama mbele yake, mfupi, mwiko juu.

“Munyamaze! Ni nani aliuza hii kadena? Si ule mutu na katoni yake? Bote munanunua kwake, jogoo moja, meno moja! Fungulo yake inafungua, na yenu itafungua. Leteni! Kila mutu alete yake, ajaribu!”

Hakuna aliyesogea. Wewe ungesogea? Ambaye ufunguo wake ungefungua angekuwa mwizi wa pili. Na ambaye wake usingefungua angekuwa amemuua mwimbishaji. Kila mtu aliushika ufunguo wake, mfukoni, kwenye fundo la kikwembe, na kila mtu alitazama chini. Koko aliwaita kwa vyeo vyao, maman fulani, papa fulani, na mmoja mmoja walirudi nyuma.

Ndipo nikakumbuka kigoda, na funguo zikinyanyuliwa kwenye mwanga. Nilikuwa nao shingoni.

Sijui nilipitaje. Nakumbuka makalio na mipini ya majembe. Koko aliponiona alitikisa kichwa, hapana, hapana, na macho yake ambayo sikuwahi kuyaona yakiogopa yalikuwa yanaogopa. Mtu alikuwa ameshaibana kufuli tena, au mimi niliibana, sikumbuki. Kamba ya kiatu ilikuwa fupi na fundo lake limekaza, sikuweza kuivua, kwa hiyo ilinibidi nijibandike kwenye mlango, shavu kwenye mbao, ili ufunguo ufike. Mlango ulinuka samaki mkavu na sabuni. Kwa pembeni ya jicho niliviona viatu vya mwimbishaji, vya kwenda salongo, vimejaa tope, vinagongana. Nilizungusha. Haukuzunguka. Nyuma yangu nilisikia watu wakiguna. Nilisema ndani ya roho yangu salamu Maria, mwanzo wake tu, nikauvuta ufunguo nje kidogo na kuzungusha tena.

Tik.

Nilibaki nimebanwa pale, sithubutu kugeuka, nikingoja kupigwa. Sikupigwa. Sauti ya mwanamke ilisema polepole, “Lakini uyu ni mutoto.” Kisha mke wa mwimbishaji akaja na ufunguo aliompokonya mkunga wa avenyu mkononi, ukafungua. Na aliyemaliza kabisa alikuwa maman wa duka, aliyeibiwa. Alichukua ufunguo wake mwenyewe, akavuka ua mpaka kwetu, akaivuta kufuli ya mlango wetu, akaibana, akaifungua mbele ya macho ya wote. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata habari ya msiba wa pili.

Ungedhani watu wangeshangilia. Hakuna aliyeshangilia. Majembe yalishuka. Kidumu cha petroli sikukiona tena. Kila mtu aliutazama ufunguo wake mkononi, kisha akamtazama jirani yake, kisha akaondoka haraka kwenda kuhesabu vitu vyake. Mtaro ulibaki nusu umezibuliwa. Kutoka jikoni kwetu ilikuja harufu ya bugali iliyoungua.

Mchana mwimbishaji alikuja. Alisimama kizingitini, hakuweza kuingia wala kuondoka. Koko alikuwa anaokota vibati kwenye tope. Hakumfariji. Alimkwangulia bugali, upande ulioungua, akaweka na sambaza mbili, akamsukumia sahani.

“Kula. Haya na njaa haikaake tumbo moja.”

Alikula huku analia, na mimi nilimtazama nikimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na sijawahi kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Jioni ile avenyu nzima ilisikika ikiburuta meza. Meza, magunia, mawe ya kusagia, kila kitu kilichoweza kuegemezwa mlangoni. Aliyeiba vikwembe hakujulikana, mpaka leo. Ndiyo maana ilikuwa vigumu, kwa sababu angeweza kuwa yeyote. Wiki ile ile watu walishuka mjini kununua kufuli nyingine, kila mmoja kwa mchuuzi wake, kwa siri, hakuna aliyemwambia mwenzake alikonunua. Sisi watu wa kuigana sufuria! Halafu ikaja milango ya chuma, halafu ukuta, halafu vipande vya chupa juu ya ukuta. Mtoto hakutumwa tena kuingia kwa jirani achukue chumvi mwenyewe. Aliambiwa asimame nje, aite.

Koko aliurudisha waya wake juu ya meko, lakini Jumapili mikono yake ilikaa mapajani. Walimwita mara mbili tatu, wenye kupoteza funguo. Aliwaambia macho yamechoka, na ilikuwa uongo, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Siku moja nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakuwaambia mapema, tangu siku ya kigoda, kwamba kila ufunguo unafungua kila mlango.

“Ningewaambia, bangelala?” alisema. “Nimeponya ngozi yangu, nimeua usingizi ya batu. Angalau na ngozi ya ule mupumbavu imepona.”

Mupumbavu mwenyewe ndiye mzee niliyekwenda kumwona juzi. Mkewe ameshatangulia, watoto wako mbali. Sauti imekwisha, imebaki kikohozi. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mvua na bei za makaa, hatukuigusa Jumamosi ile, kama ambavyo hatujawahi kuigusa. Nilipoinuka kuaga, alinishika mkono.

“Ile fungulo yako, ungali nayo?”

Niliivuta kamba kutoka ndani ya blauzi. Si ile ya kiatu, ni nyingine, lakini ufunguo ni ule ule, na jogoo wake amefutika. Aliuchukua, akausogeza karibu na jicho lake moja linaloona, akaupapasa meno. Kisha, bila kunitazama, akaujaribu kwenye kufuli ya juu ya mlango wake. Akaujaribu kwenye ya kati. Aliinama kwa taabu akaujaribu hata kwenye ile ya chini.

“Haiingie,” alisema.

“Haiingie, papa.”

“Mahali yoyote?”

“Mahali yoyote.”

Alinirudishia, akanibariki kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, nikatoka kwenye mvua. Kuna wakati ufunguo huu ulifungua kila mlango wa avenyu yetu, na watu wote walilala usingizi mzito. Nilisimama nje ya mlango wake wa chuma mpaka alipomaliza kujifungia, ya juu, mnyororo, ya kati, komeo, na mwisho ile ya chini, ambayo ilimchukua muda mrefu.